Dole Gumba Ndani ya Chupa

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Chaki alifundisha baiolojia kwa ubao na maneno, na wanafunzi wakasinzia kwa adabu. Sasa walikuwa wakigombania viti vya mbele, kisa chupa za jamu. Ndani ya kila chupa, juu ya jeli, kilikaa kipande cha mgomba kidogo kama ukucha, nacho kilishaanza kuchipua. Aliyeanzisha mambo hayo ni mwalimu mpya, binti ambaye Mama Chaki mwenyewe alimfundisha kushika hadubini. Ijumaa mkuu wa shule angekuja kukagua, kisha aamue nani akabidhiwe maabara.

Wivu ulimkaba Mama Chaki, wala hakuupa jina jingine. Nimlee mimi, kisha aje kunipiku?

Jumatatu, wenzake wakiwa kwenye chakula, alifungua chupa iliyostawi kuliko zote, akabonyeza dole gumba kwenye jeli, akafunika. Mkono usiopakwa spiriti unatosha kabisa kuharibu kazi ya mwezi mzima. Alichosahau, na ubingwa wake wote, ni kwamba ukungu huota palepale ulipopandwa.

Ijumaa ukungu wa kijivu ulikuwa umechora dole zima, na katikati mstari mtupu, pale penye kovu la wembe. Alijikata siku alipokuwa akipasua chura mbele ya darasa.

"Na hii imepatwa na nini?" mkuu aliuliza mbele ya wanafunzi.

Mwalimu mpya aliinua chupa, akauona ule mstari. Kidonda kile alikifunga yeye, kwa leso yake, akiwa kidato cha pili. Mama Chaki akautia mkono wa kulia mfukoni.

"Hiyo ni ya mwalimu wangu," binti alisema taratibu. "Nilimwomba atuonyeshe uchafu unavyoingia. Mwalimu, tusaidie kuwaeleza."

Mama Chaki alianza kwa kigugumizi, kisha kazi ikamkolea. Alieleza kwa nini koleo hupitishwa motoni na kwa nini hatuongei juu ya chupa iliyo wazi. Hakuna aliyesinzia.

"Utu uzima dawa," mkuu alisema, akamnyooshea ufunguo wa maabara.

Aliupokea kwa mkono wa kushoto. Macho yake yakiwa kwa yule binti, akaomba radhi, na mkuu akadhani ni kwa ajili ya mkono.