Zawadi Namba Mia Nne na Kumi

Jumanne saa tatu asubuhi mpimaji wa makumbusho alivaa glavu, akaifuta bangili kwa kitambaa kikavu, akailaza juu ya sponji. Kifaa chake kilifanana na keekee ya seremala na wenzake walikiita hivyo, Keekee, ingawa hakikutoboa chochote. Kilirusha mionzi, kikaipokea inayorudi, kisha kikaonyesha kwenye kioo chake kitu kile kina madini gani na kwa kiasi gani. Kanuni ilikuwa sekunde sitini kila sehemu, sehemu tatu kwa kila kitu, na mkono usitetemeke.

Kioo kiliandika: shaba sabini na mbili, zinki kumi na tisa, risasi tatu, na madini ya nne yaliyoitwa hapana, sita. Jumla mia.

Mpimaji alikijaribu kifaa kwa kipande cha chuma ambacho madini yake yalijulikana tayari, kikajibu sawasawa. Akapima bangili kwa ndani, pale ilipogusa ngozi, na hapana ikapanda hadi kumi na moja. Alijaza fomu kwa wino mweusi, akaenda kunywa chai.

Bangili ile ilikuwa namba mia nne na kumi kwenye kitabu cha mapokezi, na mbele yake paliandikwa neno moja tu: zawadi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kitabu hiki ilikuwa na miaka sabini na moja, na kila mwaka ilipakwa rangi upya. Bangili ilivuliwa mkononi mwa mtoto wa miaka minane na afisa mmoja aliyekuwa akipita. Mtoto huyo sasa ni bibi, yu hai, na mkono anao. Kwa miaka minne binti yake, mshonaji, alikuwa akipeleka barua ofisini kwa makumbusho na kupigwa danadana. Alete shahidi. Alete picha. Alete risiti. Mtoto anakunjwa mkono, halafu adai risiti kwa anayemkunja. Watu wazima wenye shahada waliliandika hilo na kuligonga muhuri. Mwishowe walimwambia sayansi ndiyo itakayoamua, maana walidhani sayansi ni ya kwao.

Mshonaji hakutaka fidia wala picha gazetini. Alitaka bangili irudi mkononi mwa mama yake kabla mkono wenyewe haujazikwa. Mkono ulikuwa umekonda mpaka umerudia kipimo chake cha utotoni, kwa hiyo ingeingia bila shida.

Alhamisi walikuja wote wawili, wakakaa kwenye benchi la maabara.

"Shikamoo, mama," mpimaji alisema.

"Marahaba, mwanangu. Imesemaje?"

"Imesema hapana."

"Mara ngapi?"

Mpimaji alitazama mchoro kwenye kioo cha Keekee. Madini mengine yalikuwa na kilele chenye ncha moja, ila kile cha hapana kilikuwa na ncha tatu.

"Tatu."

"Mbili nilizitamka," bibi alisema. "Ya tatu ilinikwama kooni. Kumbe nayo imo."

Mshonaji alifungua mkoba, akatoa kitambaa safi cha kuifungia bangili.

Mkurugenzi wa makumbusho aliisoma ripoti akiwa amesimama, kama mtu anayesoma bili ya maji.

"Hapana ina namba gani kwenye jedwali la elementi?" aliuliza.

"Haina, bosi."

"Basi unaijua kanuni. Kisichomo kwenye jedwali kinaingia mstari wa nyinginezo."

"Si hii tu, bosi. Nimepima zawadi arobaini. Thelathini na nane zinayo."

"Ndiyo maana nakwambia. Tukianza kurudisha moja, makabati yatabaki na vumbi." Alifikiri kidogo. "Na hizo mbili?"

"Vile visahani vya majivu alivyoleta mjomba wako."

Mkurugenzi aliridhika, akatia sahihi. Hakuna aliyebisha kwamba hapana ilikuwamo. Fundi wa umeme alisema hata yeye aliwahi kuiona kwenye ngoma za ghorofa ya pili. Waliijua wote, na wote walikwenda kula mchana. Hilo ndilo linalokera kuliko wizi wenyewe.

Lebo mpya ilibandikwa Jumatatu. Mshonaji alimsomea mama yake polepole: "Shaba, zinki, risasi na nyinginezo. Zawadi."

"Hiyo nyinginezo ni mimi," bibi alisema.

Akaulaza mkono wake juu ya kioo cha kabati, mkabala na bangili. Kati yao palikuwa na upana wa kidole. Mlinzi alikuja na adabu zake zote, akamwomba mama asiguse kioo. Bibi alisema hapana, safari hii bila kukwama. Mlinzi akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akauondoa.

Mshonaji alikikunja kile kitambaa safi, akakirudisha mkobani, wakatoka.

Kesho yake, kwa kuwa ilikuwa Jumanne, siku ya kupima, mpimaji alishuka na Keekee akapima kioo cha kabati. Hapana ya nne ilikuwamo, ncha yake ndefu kuliko zote. Aliiandika penye nyinginezo, kwa wino mweusi.