Maelezo Chini ya Picha

...mistari miwili tu, na ilienea barabara chini ya picha, hakuna neno lililoning'inia peke yake, ndiyo maana siku ile aliipenda, aliitazama kwenye kompyuta akajipongeza, na sasa mistari hiyohiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo nyuma ya kisogo chake, anaihisi kama mtu anayempumulia shingoni, huku mchungaji akiomba, "Baba, tunakushukuru kwa ofisi hii, kwa kila kiti na kila meza," na wote wanne wamesimama kuizunguka meza ya mikutano, mratibu anaitikia "naam, Bwana" kila mchungaji anapovuta pumzi, na yeye, ambaye ofisi nzima inamwita Nukta kwa sababu aliwahi kumrudishia mlinzi daftari la wageni eti tarehe hazikuwekwa nukta, yeye mwenye jicho la namna hiyo, ndiye aliyeandika uongo usio na kosa hata moja la tahajia. Kazi yake ni rahisi kuieleza, mama yake huieleza kwa majirani kila wiki, binti yangu anafanya kazi ya Mungu: ofisi inawatafutia wafadhili wachungaji wa hapahapa, wanaoanzisha makanisa kwa watu wa kwao, watu ambao wao wanajua jinsi wanavyoapa na wanavyotukanana, na yeye hupokea fomu zao za kuandikwa kwa mkono, huzigeuza kuwa jarida katika lugha ya wafadhili, basi, ni hilo tu, kugeuza, hakuajiriwa kutunga. Fomu ya mchungaji huyu bado anaiona, wino wa buluu, herufi zimelala upande, na pale panapouliza upinzani alioupata, pameachwa mistari sita, mchungaji alijaza mmoja na nusu: upinzani haupo, baba yangu haamini, lakini ametupa karakana yake kila Jumapili na ametuchongea mabenchi kumi na mawili... mabenchi kumi na mawili, jamani, na yeye akayafuta yote kwa kidole kimoja. "Nukta, hii imepooza," mratibu alikuwa amemwambia, amesimama mlangoni na kikombe chake, fomu yenyewe hakuwahi kuisoma, aliambiwa tu kwamba upinzani haupo, "msomaji ataguswa wapi hapa? Ipe uzito." Ipe uzito, hakusema danganya, hilo ndilo linalomkaba, hakuna mtu yeyote aliyesema danganya, angekuwepo angalau mtu wa kumnyooshea kidole, lakini alikuwa peke yake na picha ya mzee aliyesimama mlangoni pa karakana amekunja uso, akautazama ule uso akaona hasira, au alitaka kuona hasira, vidole vikaandika vyenyewe, baba mzazi aliyemkana mwanawe, akamfukuza nyumbani na kuvichoma vitabu vyake kwa sababu ya Injili, watu husema kutia chumvi, yeye alimwaga gunia zima. Na mchungaji alikuwa amekaa miezi minane bila mfadhili, jarida lilipotoka alipata ndani ya wiki mbili, uongo ukafanya kazi iliyoushinda ukweli, afanyeje mtu hapo, si alimsaidia, si alimsaidia... "na uwakumbuke, Bwana, wanaotuombea kutoka mbali, ambao hatujawahi kuwaona." Naam, Bwana. Wanamwombea, ndiyo, wanamwombea mzee huyu moyo wake mgumu ulainike. Na mzee mwenyewe leo kaingia hapa nyuma ya mwanawe, kofia mkononi, vumbi la mbao limebaki kwenye nyusi ingawa amevaa shati la kutokea, na yeye akasimama upesi, "Shikamoo, mzee," "Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu mwandishi? Mimi nilidhani ni jibaba lenye miwani na kitambi, kumbe kabinti!" na mchungaji akacheka, "Baba, usianze kumchokoza," "Simchokozi, namsifu. Haya, na meza hii nani aliiunga? Huyo alikuwa anawahi harusi yake," akaitikisa meza ikatikisika kweli, wakacheka wote watatu, naye alicheka, kinywa tu kilicheka, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yanatambaa ukutani, taratibu, kutoka kwenye kalenda kwenda kwenye ubao. "Aa! Si mimi huyu?" Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Ni mimi! Nimekunja sura kama nimeng'atwa na siafu. Mwanangu, wameandika nini hapa chini?" Wameandika, alisema wameandika, hakujua kwamba walioandika ni mmoja na amesimama hapo hapo, na kwa kuwa mchungaji naye haijui lugha hiyo, huyo mmoja akajibu, "Wameandika kwamba wewe ni baba yake mchungaji." "Basi? Maneno yote haya, baba tu?" "Lugha yao ni ndefu, mzee." Akamtania! Alipata ujasiri wa kumtania, na mzee akaangua kicheko, akampiga begani, akasema apewe nakala moja akaibandike karakanani, yuko mwalimu anayekaa benchi la mbele, anaijua hiyo lugha, Jumapili atamsomea mbele ya watu wote, wasikie. Jumapili ni keshokutwa. Nakala iko mezani sasa hivi, mratibu mwenyewe ameshaitia kwenye bahasha, kwa sababu mratibu naye alikuja, akamtazama mzee, akaitazama picha, akamvuta yeye mpaka kando ya mashine ya fotokopi, "Nukta, ndiye? Ndiye yule baba?" "Ndiye, ila..." "Haleluya! Miezi mitatu watu wanamwombea, na leo kaja hapa na miguu yake, bega kwa bega na mwanawe! Andika leoleo, ukurasa wa kwanza," na chozi lilimtoka, tena chozi la kweli, ndiyo ubaya wake, na yeye badala ya kumalizia ile ila yake akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo mlango uko wazi, apite tu, nyumba iliyochomwa vitabu imegeuka nyumba ya amani, baba amelainika, nani atauliza, mwalimu wa benchi la mbele pengine, lakini huyo anaweza kuambiwa ilikuwa makosa ya tafsiri, makosa ya tafsiri hutokea... sikia anavyojua kupanga. Na mzee je, ambaye hajageuka kutoka popote, aliyekuwa amesimama palepale tangu siku ya kwanza akiwafungulia watu mlango, mara ya kwanza alimnyang'anya wema wake, sasa anataka kumrudishia kama sadaka iliyotoka kwa wengine, na ashukuru. "Na umbariki binti yetu huyu, Bwana," mchungaji anasema, sauti imeshuka, "aliyezibeba habari zetu kwa uaminifu, asipunguze, asiongeze," na mratibu anasema naam, kwa nguvu kuliko zote, na masikio yake yeye yanawaka moto mpaka anadhani wanausikia, macho yanafumbuka yenyewe. Na ya mzee yamefumbuka. Bila shaka, yeye haombi, amesimama tu kwa heshima ya mwanawe, kofia kifuani, anamtazama mwanawe anavyoomba, na uso ameukunja, vilevile, mikunjo ileile mitatu katikati ya nyusi, humu ndani hakuna jua wala siafu, ndivyo anavyokuwa anapomsikiliza, kama mtu anayesikiliza mbao kabla ya kupiga msumari, na yeye aliuona uso wa kumpenda mtoto akauandikia chuki. Mzee akahisi anatazamwa. Akageuka, akaona wao wawili tu ndio wamefumbua macho, akamkonyeza, kama wanafunzi wawili waliokutana nje ya darasa. Ee Mungu wangu. Alikuwa amepanga kuanza na mratibu, faragha, mlango umefungwa, mratibu, kuna marekebisho madogo, nilikuwa na shinikizo la muda, marekebisho madogo, mtu mzima kachomewa jina lake mbele ya nchi nzima ya wageni na yeye ana marekebisho madogo, na huenda mfadhili akajitoa, huenda mchungaji akarudi kwenye miezi yake minane na yeye akarudi kwa mama yake na sanduku, lakini anayestahili kuambiwa kwanza si mratibu, ni huyu anayemkonyeza, tena hapahapa, mwanawe akisikia, kabla bahasha haijatoka mlangoni. Amwambie nini, atafute maneno, mchungaji ameingia kwa wagonjwa sasa, anawataja mmoja mmoja, yule wa mguu, yule mama wa kifua, bado, bado ana wengi, na yeye anaipanga sentensi kichwani kama anavyopanga zote, mzee, nilikuandika vibaya, fupi, safi, inatosha, halafu anaona haitoshi, anaongeza, mzee, nilikuandika vibaya na nilikuwa najua, na maneno hayo matatu ya mwisho anayafuta, sentensi inabaki laini, nzuri, ya jaridani, mtu angeisoma akamhurumia aliyeiandika, "na yule kijana wa macho, Bwana, umguse," mzee bado anamtazama, anamwashiria kwa kidevu afumbe macho asije akakamatwa, na yeye hafumbi, anayarudisha yale maneno matatu mahali pake, anaisoma tena toka mwanzo.