Firimbi ya Saa Kumi na Mbili

Mume wangu Kahiga alikuwa na imani mbili, na zote mbili zimetugharimu. Ya kwanza, serikali ikae mbali na biashara ya mtu: ilinde mpaka, ishike wezi, itengeneze barabara, halafu inyamaze. Ya pili, Mungu hajaumba nchi nzuri kuliko Kenya. Nilimuuliza mara nyingi anawezaje kuipenda nchi namna hiyo na kuichukia serikali yake namna hiyo, na kila mara aliniambia mimi nachanganya mambo. Nchi ni yetu, alisema, serikali ni mfanyakazi tu. Mimi sijawahi kumwona mfanyakazi anayemfokea tajiri wake vile.

Kibanda chetu kilikuwa katika soko dogo juu ya Gakindu, mkabala na ofisi ya chifu. Kila jioni saa kumi na mbili askari wa chifu hupuliza firimbi, bendera ikashushwa. Anayepita hutakiwa kusimama mpaka firimbi ya pili, na desturi yetu pale ni kupisha barabara, tukasimama ukingoni tukiielekea bendera. Wengine husimama shingo upande, simu sikioni. Kahiga alisimama kofia mkononi, kidevu juu, hata kama kahawa ilikuwa inaungua. Iliungua mara kadhaa, nami nikamtukana kimoyomoyo kwa sababu nilikuwa nimesimama pia.

Kahawa ndiyo ilikuwa kazi yetu. Watu wa huku tumezaliwa kwenye mashamba ya kahawa, tumechuma mpaka kucha zikawa nyeusi, tumepeleka kiwandani, na nyumbani tunakunywa chai. Hakuna aliyeona ajabu. Kahiga aliona. Alisema ni aibu mkulima kutojua ladha ya kitu alichosomeshea watoto. Basi akaenda Nyeri mjini kwa Mujahid, fundi wa kuchomelea vyuma, wakachora pipa la kukaangia lenye mkono wa kuzungushia na jiko la makaa chini yake. Mujahid alichomelea, akavunja, akachomelea tena. Pipa lilipofika sokoni Kahiga alilipaka rangi mwenyewe: nyeusi, nyekundu na kijani, na mistari myeupe katikati. Nilimwambia hilo ni pipa, si ubalozi. Akachovya brashi tena.

Wa kwanza kuleta kahawa yake alikuwa Shosho Watiri, bibi kizee jirani yetu, ambaye amechuma tangu akiwa msichana. Alikuwa ameianika nyumbani na kuitwanga kwenye kinu. Kahiga akaikaanga, nami nikampikia kikombe. Alionja, akanywa tena.

"Ati ndio hii?" akaniuliza. "Hii ndio walikuwa wanabeba kwangu miaka hii yote?"

Alikuwa amekasirika kweli, na sukari aliikataa. Kuanzia siku ile alilipitisha neno kanisani na kwenye foleni ya kiwanda, na wanawake wa soko wakaanza kuja na vifuko vyao.

Nyuma yao wakaja wa leseni. Kulikuwa na leseni ya kibanda, ya afya, ya moto, ya ubao wenye jina letu, na ya redio, kwa kuwa wateja walikuwa wanaisikia. Zote tulizichukua. Ya kukaanga ndiyo iliyotushinda. Kahiga aliifuata Nyeri mpaka mlinzi wa mlangoni akawa anamuuliza habari za watoto. Mara mkubwa yuko semina, mara sheria inabadilishwa, mara angoje kidogo. Na humo ofisini, aliniambia, wanakunywa kahawa ya kopo kutoka ng'ambo. Alinisimulia hayo ameketi kitandani na viatu vyake, nikadhani safari hii amechoka na Kenya. Kulipokucha alikuwa amepona, anapiga mluzi.

Mwaka huo sherehe za taifa zilikuwa zifanyiwe upande wetu, na wageni wangepita barabara ile. Mawe ya ukingoni yakapakwa chokaa. Wazee wakaambiwa wavae vizuri. Kahiga hakulala kwa furaha. Alikuwa amepanga kuwapa wageni kahawa bure, waonje kitu cha Kenya kilichokaangwa Kenya na Mkenya. Nilimuuliza ni mgeni gani atakayesimamisha gari lake kubwa kwa ajili ya pipa. Akasema nina moyo mgumu, na labda ni kweli.

Jioni ya kuamkia sherehe likaja lori la kanjo, askari wa kaunti. Mkubwa wao alibaki mbele na dereva, hakushuka. Aliyeshuka wa kwanza ni Peterson, mjukuu wa Shosho Watiri, aliyekuwa ameajiriwa juzi tu. Kahawa yetu alikuwa anaijua vizuri. Alisema bila kutuangalia usoni kwamba kibanda kinaharibu sura ya barabara na pipa halina leseni, na amri imetoka juu. Wakalipakia likiwa bado na joto.

Kahiga hakupiga kelele. Alienda mbele ya lori, akaweka mikono miwili kwenye boneti, akasema kama ni kupita, wapite juu yake. Wanawake wa soko wakaacha viazi vyao wakaja kusimama naye. Shosho Watiri akaja na mkongojo wake, akasimama chini ya mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa amepanda nyuma na pipa, akamtazama tu. Yule kijana alitazama kila mahali isipokuwa kwa nyanya yake.

"Mkubwa," akasema mwishowe, "si tuwaachie tu? Turudi baada ya sherehe."

Mkubwa alitoa kichwa dirishani, akawahesabu wale wanawake kwa macho, akakuna shavu. Nitaapa mbele ya mtu yeyote kwamba alikuwa anakubali. Tulikuwa tumeshinda.

Firimbi ikalia.

Kahiga akaondoa mikono kwenye boneti. Akavua kofia, akapisha barabara, akasimama ukingoni akiielekea bendera, kidevu juu. Wanawake nao wakapisha, kama tulivyozoea sote. Askari wa kanjo wakakakamaa kule juu ya lori. Injini peke yake ndiyo haikunyamaza. Mkubwa akamgusa dereva begani, na lori likaanza kwenda.

Nilikimbia mimi tu. Askari wa chifu aliyekuwa getini akanyoosha mkono akanidaka leso.

"Mama, simama. Heshimu bendera."

"Na wale?"

"Ile ni gari ya serikali," akasema, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto.

Bendera ilishuka polepole, ikakunjwa. Firimbi ya pili ilipolia, lori lilikuwa linakata kona, na Peterson alikuwa bado amesimama wima nyuma, kofia kifuani, kando ya pipa letu la rangi ya taifa.

Sherehe zilipita. Wageni nao walipita, vioo vimefungwa. Shosho Watiri amerudi kwenye chai, na anasema afadhali angekufa bila kuijua ile ladha. Mujahid aliliona pipa kwenye yadi yao, linanyeshewa, rangi inabambuka. Alijitolea kutengeneza lingine. Kahiga alimshukuru, akasema tutaona, na hajaligusia tena. Siku hizi hazungumzi habari za serikali, wala za nchi.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapeleka kahawa kiwandani, yeye mbele na gunia mgongoni, mimi nyuma. Tulipofika kwa chifu firimbi ikalia. Mimi nikasimama kwa mazoea. Kahiga hakusimama. Alipita katikati ya barabara, kofia kichwani, watu wamesimama huku na huku. Askari akamwita, "Mzee, simama," lakini hakugeuka, na askari hakuweza kumfuata kwa sababu mwenyewe alikuwa amepiga saluti.

Nimemcheka kwa bendera ile tangu aliponiposa, na ningetarajia kufurahi. Pipa, Mujahid anaweza kutengeneza jingine. Nilitazama mgongo wake ukienda, nikalia pale pale nilipokuwa, nimenyooka, maana firimbi ya pili ilikuwa bado.