Pipa Lililochemshwa

Mzee Eudaldo alikuwa mtu wa kulaumu mvua, jirani, nguruwe, yeyote yule ila Eudaldo. Lakini Ijumaa ile, mbele ya pipa la chuma lililojaa makapi ya miwa, siku ya nne bila hata povu moja, roho ilimsuta vibaya.

Hamira iliyomo aliileta bintiye, Maidelin, kutoka maabara ya Santa Clara. Kwa miaka sita alikuwa akiibadilisha vinasaba, ili iyale makapi yanayotupwa na kiwanda cha sukari na kuyageuza lishe ya nguruwe. Alimwagiza baba yake: changanya, funika, iache.

Lakini kijijini kwao Camajuaní, tangu homa ya nguruwe ilipofagia mazizi, hakuna anayempa nguruwe wake chakula kisichochemshwa. Eudaldo alichanganya vizuri, kisha kwa mazoea tu akawasha kuni chini ya pipa, likatokota saa nzima. Alipokuja kung'amua kwamba hamira ni kitu kilicho hai, ilikuwa imekwisha kufa, na hakumwambia mtu.

Daktari Zoraida, mkuu wa Maidelin kule maabara, aliyekuja naye kukagua, alichungulia pipani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Imegoma, binti. Andika imeshindwa, tufunge kazi hii."

"Labda ni baridi, Daktari. Kule maabara ilikuwa inafanya vizuri."

"Nguruwe haendi kula maabarani, mwenzangu."

Maidelin akafungua daftari. Eudaldo alimwona akigeuza kurasa za miaka sita, akitafuta ukurasa mtupu. Angenyamaza dakika moja tu, yangepita, na hakuna ambaye angejua. Huruma ikamshinda.

"Usiandike," alisema. "Niliichemsha."

"Uliifanya nini, baba?"

"Niliichemsha. Hamira yako haina kosa, mimi ndiye niliyeiua." Akavua kofia. "Nisamehe, mwanangu."

Daktari Zoraida aliangua kicheko. "Mzee, umewapika wafanyakazi wetu wote, hamira nzima! Haya, tutarudia. Ila safari hii kuni zako naondoka nazo."

Maidelin hakucheka. Neno lile, nisamehe, baba yake hakuwahi kumwambia, hata baada ya kususia harusi yake, miaka minane iliyopita, kwa sababu hakumpenda bwana harusi. Alifunga daftari, akaja akasimama karibu naye, macho yamemjaa machozi.

"Na la harusi je, baba?"

Eudaldo akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Na la harusi pia."