Raundi ya Tatu

Pale Ulyankulu watu walimjua Justini, mwana wa Godeliva, kwa mambo mawili: ugonjwa wake na mikono yake. Ugonjwa ulikuwa sikoseli. Alizaliwa nao, na kila baridi ya Juni ilipoingia ulimlaza kitandani, viungo vikimuuma kama vinavyopondwa kwa mchi. Hakuweza kulima wala kubeba robota la tumbaku kama vijana wenzake. Lakini mikono ile! Ukimpa kipande cha mninga na wembe, baada ya siku mbili alikurudishia mtu mzima mwenye urefu wa kidole cha shahada, shuka imemkunjika begani, hasira imemjaa usoni.

Rafiki yake Egidi alikuwa fundi seremala, mwenye karakana ya chumba kimoja Ng'ambo, Tabora mjini. Walikulia nyumba jirani, wajukuu wa watu waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na komunyo ya kwanza waliipokea siku moja. Ila kilichowafunga hasa, kuliko ujirani na kanisa, ulikuwa ni mchezo.

Mchezo wenyewe waliletewa na Mwalimu Shigela, Msukuma mrefu aliyewafundisha hesabu kidato cha pili. Alikuwa amesoma Ulaya, na wakati wenzake walirudi na suti, yeye alirudi na sanduku la askari wa plastiki: majitu, wachawi, mashujaa wenye vichwa vya fisi na tai. Jumapili moja baada ya misa aliunganisha madawati mawili, akatandika blanketi, akavipanga vile vinyago pande mbili.

"Hesabu zote mnazozikimbia darasani zimo humu," alisema. "Kila mtu ana jeshi lake. Unasogea kwa kupima na futi, unapiga kwa kurusha dadu. Mwenye akili anashinda mara nyingi. Mwenye bahati anashinda mara moja."

Siku hiyo Justini alifyekwa hadi askari wa mwisho, akacheka mpaka akashika mbavu. Egidi hakuwahi kumwona akicheka hivyo. Mtu ambaye tangu utoto kila mchezo aliutazama akiwa pembeni, mpira, kukimbizana, kuogelea bwawani, sasa alikuwa amepata mchezo ambao mwili wake haukuulizwa kitu.

Mwalimu alipohamishwa aliwaachia nusu ya sanduku. Nusu nyingine waliitengeneza wenyewe. Justini alichonga, Egidi akapaka rangi: rangi za kucha za dada zake, kwa burashi ya manyoya ya mbuzi. Egidi alikuwa na majitu. Justini alijichongea jeshi ambalo halikuwamo katika sanduku la Mwalimu wala katika kitabu chochote: wapagazi wa misafara ya zamani, wale waliokufa njiani kati ya Ujiji na pwani wakaachwa kando ya njia, sasa wamefufuka na pembe za ndovu mabegani. Aliwatungia na kanuni yao. Mpagazi akiuawa unamrushia dadu, ikitua sita anainuka tena.

"Wafu wako hawana adabu," Egidi alilalamika kila mara. "Mtu ukishamuua, si akae chini?"

"Mzigo haujafika," Justini alimjibu. "Atalalaje?"

Miaka minane walicheza hivyo. Justini akiwa mzima walicheza barazani. Akiwa mgonjwa, Egidi aliweka ubao juu ya vigoda viwili kando ya kitanda, akasogeza majeshi yote mawili kwa mikono yake huku mwenzake akimwelekeza kwa kidole. Hata Egidi alipohamia mjini, hakukupita mwezi bila kurudi na futi yake mfukoni. Siku hizo ndizo alizokuja kuzikumbuka baadaye mpaka akatamani asizikumbuke.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, ikaja habari ya mashindano. Aliyeyaandaa ni Najiat, binti wa muuza vitambaa wa Tabora, aliyeujua mchezo huo alipokuwa chuoni. Aliwakusanya wachezaji wa nchi nzima katika kikundi cha WhatsApp, akawashawishi waje Tabora kwa kuwa reli za Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam zinakutana hapo. Ukumbi wa shule, Jumamosi moja, timu nane za watu wawili wawili. Raundi tatu. Mmoja akishindwa kuendelea, timu nzima imetoka.

Egidi alikwenda Ulyankulu kumchukua mwenzake. Mama Godeliva alikuwa anapembua maharage.

"Baridi hii?" aliuliza. "Wiki iliyopita tu alikuwa hainuki."

"Mama, nitamwangalia kama mboni ya jicho langu. Akisema tu anaumwa, namkimbiza hospitali. Kitete si mbali na ukumbi."

Mama alimtazama mwanawe, ambaye tayari alikuwa amefunga wapagazi wake mmoja mmoja ndani ya soksi. Akatikisa kichwa. "Haya. Mwanangu Egidi, nakukabidhi."

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa ukumbini. Justini aliingia na sweta mbili, akasimama mlangoni kama mtu aliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza. Meza nne za kijani, na juu yake milima ya sponji, magofu ya maboksi, mto wa kioo. Watu wasiowajua, kutoka miji ambayo hawajaifika, wakibishana juu ya mambo waliyodhani ni wao wawili tu duniani wanaobishania. Halafu watu hao wakaacha meza zao, wakaja kuwazunguka wapagazi. Mzee mmoja wa Dodoma alimnyanyua kiongozi wao, mnyampara mwenye fimbo, akamgeuzageuza.

"Hiki umekinunua wapi?"

"Nimekichonga," alisema Justini.

"Kwa mashine?"

"Kwa wembe."

Mzee alikirudisha mezani kwa mikono miwili. Justini alicheka, na Egidi akaona macho yake yamelowa.

Raundi ya kwanza waliwashinda Kigoma kirahisi. Katikati ya raundi ya pili Egidi aliona Justini ameacha kusimama, anasogeza askari akiwa amekaa. Chupa ya maji aliyomnunulia asubuhi ilikuwa bado imejaa. Walishinda kwa tofauti ndogo. Wakatoka nje kuota jua, na huko ndiko Justini aliposema.

"Egidi, kifua kinanibana."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne. Nilidhani kitaachia. Nikivuta pumzi kama kuna msumari."

Egidi alijua. Ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulizunguka. Alijua, kwa sababu alikuwapo mara ya kwanza kifua kilipombana Justini kidato cha tatu, na alimsikia daktari akisema kwamba maumivu ya kifua kwa mtu wa sikoseli hayasubiriwi. Yote hayo alikuwa nayo kichwani pale juani. Lakini ukutani kulikuwa na karatasi yenye jina lao juu kabisa, wao na Mwanza, wamebaki hao tu.

"Raundi moja tu, ndugu yangu," alisema. "Saa moja na nusu. Tukimaliza tunakwenda moja kwa moja. Utavumilia?"

Justini alimtazama. Hakuonekana kumlaumu. Alionekana kama mtu anayepima na futi.

"Sawa," alisema. "Niletee panadol."

Waliporudi ndani, Najiat alimvuta Egidi pembeni. "Mwenzako mzima? Midomo yake siipendi. Naweza kuahirisha fainali hadi kesho asubuhi, wa Mwanza hawana treni leo."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Egidi aliona mlango huo, akaupita kando. Kesho, alifikiri, Justini hatainuka. Kesho mama yake atakuwa amepata habari.

"Mzima," alisema. "Amechoka tu."

Raundi ya tatu walicheza na Mustafa wa Mwanza na mkewe Koleta, watu wapole, wachezaji hatari. Kufikia katikati, majitu ya Egidi yalikuwa yamelala karibu yote, na wapagazi ndio walioshikilia kivuko cha mto. Justini hakuweza tena kushika dadu. Alikuwa akinong'ona hesabu, Egidi akirusha. "Sogeza wanne. Inchi tano. Usiwaache wakae wazi." Pumzi yake ilikuwa fupi na ya haraka. Koleta aliacha mchezo mara mbili.

"Kaka, tusimame kidogo?"

"Tuendelee," Egidi alijibu, kabla mwenzake hajafungua mdomo.

Walishinda. Walibaki wapagazi watatu kivukoni, na Mustafa akanyoosha mikono juu, akazunguka meza kuja kuwapongeza. Ukumbi ulipiga makofi. Justini alitabasamu, akajaribu kusimama ili ampe mkono mgeni, akaanguka ubavu juu ya ile meza ya kijani, na mto na milima ikaporomoka naye.

Mustafa ndiye aliyembeba hadi kwenye bajaji. Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni, dripu, wakaagiza damu. Daktari kijana alishika kalamu.

"Maumivu ya kifua yalianza lini?"

"Saa nne asubuhi," alisema Egidi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na mbili jioni. Daktari aliandika, wala hakuinua kichwa.

Jumapili Justini alizungumza kidogo. Aliuliza kama vinyago vimevunjika. Egidi alisema viwili tu, vitaungika kwa gundi. Mama Godeliva alifika adhuhuri na Ange, binti yake mdogo, wakashika zamu ya kitanda. Jumatatu, jua likiwa limeshapanda, Justini alivuta pumzi, wakangoja ya pili, haikuja.

Egidi alimfuata daktari kwenye korido. "Kama ningemleta mapema?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Ingesaidia. Kama ingetosha, sijui. Usiniulize, kaka, kwa sababu kweli sijui."

Walimzika Ulyankulu. Na msibani, mbele ya watu wote, Mama Godeliva alimshika Egidi mkono, akasema, "Huyu alikuwa naye mpaka mwisho. Mungu akubariki, mwanangu. Hakuwa peke yake." Wanawake wakaitikia. Egidi alisimama pale, kichwa chini, akiipokea baraka ile kama mtu anayepokea kitu cha wizi. Kikundi cha WhatsApp kilituma rambirambi na picha ya kikombe walichoshinda. Aliizima simu.

Alinyamaza mpaka misa ya arubaini. Kazi zilimshinda, alikata mbao mara mbili akapima mara moja. Siku ya misa, watu walipotawanyika, alimfuata mama nyuma ya jiko, akasema yote akiwa amesimama: saa nne, panadol, Najiat na fainali ya kesho, Koleta. Hakujipunguzia hata neno moja.

Mama Godeliva alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, akasukuma mlango. Egidi alikaa chini kwenye udongo. Jua lilikuwa limeanza kulalia upande Ange alipotoka.

"Mama anasema uende," alisema yule msichana. Alikuwa amelia. "Anasema usije tena mpaka akuite."

Hakuitwa. Mvua zikaja, tumbaku ikapandwa, ikachumwa, ikakaushwa. Katika kituo cha mabasi aliwaona watu wa Ulyankulu wakigeuza nyuso, akajua habari imeenea, wala hakuwalaumu. Najiat alikuja karakana mara moja, akakaa juu ya gogo, akasema na yeye halali vizuri, kwa kuwa aliiona ile midomo na akakubali jibu.

Mwezi wa sita, asubuhi moja, Egidi akipiga randa mlango wa mteja, kivuli kilisimama mbele yake. Alikuwa Mama Godeliva, na kitenge cha kusafiria, amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. "Sikuja kukusamehe, Egidi. Hilo bado, na sijui kama litakuja. Nimeomba, halijaja."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuja kwa sababu wewe peke yako ndiye ninayemjua uliyemwona siku ile. Miaka ishirini na mitano nimemwona mwanangu akiwa kitandani. Siku moja alikwenda mahali kwa miguu yake, kama watu, na mimi sikuwepo. Basi nieleze. Si ugonjwa. Ugonjwa naujua. Nieleze hao watu, na hizo meza. Walimpokeaje?"

Egidi aliweka randa chini. Alianza vibaya, kwa timu ya Kigoma, akarudi nyuma hadi mlangoni, zile sweta mbili, jinsi alivyosimama. Alimweleza mzee wa Dodoma aliyemshika mnyampara kwa mikono miwili. Alipofika hapo mama aliketi.

"Akasema ni mashine?"

"Aliuliza kama ni mashine. Justini akamwambia ni wembe."

"Na alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Rudia hapo," alisema Mama Godeliva. "Rudia polepole."