Safu ya Asili

Kila asubuhi, kabla ya chai, mzee Ngeleka, Tata kama tulivyomwita kwa heshima, na mimi tulinusa filamu. Yeye alifungua kopo la bati, akaliinua hadi puani, akafumba macho, kisha akanipa na mimi. Filamu ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Iliyonuka tuliipeleka chumba cha pili ili isiziambukize nyingine. Isiyonuka ilirudi kwenye rafu. Makopo kumi kwa siku, si zaidi. Baada ya kumi, alisema, pua inaanza kudanganya.

Asubuhi ile tulikuwa kwenye kopo la nne, uso wake umeinama ndani, Mama Bilonda alipoingia bila kubisha hodi. Alikuwa jirani yake, mshonaji, mke wa Mukalay wa karakana. Kanga yake ilikuwa imefungwa vibaya.

"Tata Ngeleka, kuya. Beko nafukuza bantu mu nyumba. Banaanza ku barabara yetu, kwa bale ba Kasai. Banatupa bitanda inje."

Tata aliliweka kopo mezani likiwa wazi. "Mama Ado, nitarudia," akaniambia, akaenda kuwasaidia majirani kukusanya vitu vyao. Hakuwa na hofu kwa ajili yake mwenyewe, na Mama Bilonda pia hakuwa nayo. Nitaeleza kwa nini.

Ilikuwa Kolwezi, mwezi wa tatu, mwaka 1993. Watu ambao wazazi wao au babu zao walitoka Kasai kuja kuchimba shaba walikuwa wakiambiwa warudi kwao. Wengi hawakuwahi kufika huko kwao. Waliitwa bilulu, wadudu, hata na watoto waliosoma nao darasa moja.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya maktaba Lubumbashi miaka miwili kabla. Wakati huo barua ilikuwa imetoka Kinshasa: taifa linataka kujenga hazina yake ya filamu, kila mkoa ukusanye zilizopo na kuziandika. Kampuni ya madini ilikuwa na makopo mia tatu na kumi na mawili nyuma ya ukumbi wa wafanyakazi, yote yakiwa na picha zake yenyewe: mechi za mpira, mazoezi ya kuzima moto, akina mama wakijifunza kushona, watoto wachanga wakipimwa uzito, shaba ikipakiwa kwenye mabehewa. Hayakuwa na maelezo yoyote isipokuwa nambari. Mtu pekee aliyejua kilichomo ni Ngeleka, ambaye kwa miaka thelathini alizionyesha kila Jumamosi kwenye ukuta wa kambi, watu wakipiga kelele kila walipojiona.

Pamoja na barua ilikuja karatasi ya mfano yenye safu tano. Nambari. Mwaka. Mahali. Watu wanaoonekana. Asili yao. Nikanunua daftari kubwa, kaye kama tunavyosema kwetu, nikapiga mistari kwa rula. Umeme wa bwawa la Nzilo ulipokuwepo, Tata alizungusha filamu ukutani akitaja majina, mimi nikaandika.

"Ule njo Kalumba wa atelye, karakana ya mashini. Alikuwa anaogopa kamera kama nyoka."

"Asili, tata?"

"Kabongo. Na ule mama mwenye kushona, mwenye kucheka na uzi mu meno, njo Bilonda. Mwaka wa sitini na saba, alikuwa mutoto tu. Wa Luputa."

"Mama Bilonda ni wa Kasai?"

"Nani anakumbuka? Bwana yake ni wa hapa, batoto ba hapa, anaimba mu kiluba ya hapa. Lakini unaniuliza, ninakujibu."

Siku moja alionekana kijana mwembamba akibeba magurudumu mawili ya filamu kichwani, nywele zimechanwa katikati.

"Na huyu?"

"Huyu njo mi." Akacheka sana. "Angalia nywele. Nilipoteza saa mzima juu ya ile mustari."

Nikauliza asili, kwa sababu safu ilikuwa tupu. Akazima mashine.

"Ku karti ya kazi baliandika Kamina, ya mukoa hii yetu. Nilipandia treni Kamina, na kalani mwenye kuandika alikuwa na haraka. Lakini mi ni wa Mwene-Ditu, mu Kasai. Andika kweli, mama. Kama tunaandika uongo leo, ile kazi yote haina maana."

Niliandika Mwene-Ditu. Kwa wino mweusi, herufi safi. Pembeni, kwa penseli, niliongeza nambari ya nyumba ya kila mtu aliyekuwa bado hai, ili siku moja tuwaalike waje kujiona tena. Wazo hilo lilikuwa langu. Nililipenda.

Basi kadi yake ilimlinda Ngeleka, na ndoa yake ilimlinda Bilonda. Mahali pekee palipoandikwa kitu kingine ni daftari langu.

Tata hakuwa amefika mbali asubuhi ile Mwalimu Kitenge alipoingia. Alinifundisha darasa la sita; mwandiko wangu ni wake. Sasa alikuwa katibu wa kamati iliyosimamia kile walichokiita kurudisha watu kwao. Alikuwa peke yake. Hakuwa na fimbo wala panga. Alikuwa na kalamu mfukoni kama zamani.

"Adolphine. Bado unaandika muzuri?"

"Ninajaribu, Mwalimu."

"Banasema muko na kaye ya bantu yote ba zamani."

"Ni ya filamu, Mwalimu. Ni ya Kinshasa."

"Nionyeshe."

Nilifungua nikamwonyesha. Alipitisha kidole juu ya ukurasa, taratibu, kama alipokuwa akisahihisha insha zetu. Kidole kikasimama.

"Na hii safu ya mwisho?"

"Asili yao."

"Na penseli?"

"Nyumba zao."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni kazi ya mutu mwenye kusoma. Nipatie kidogo, nitairudisha."

Ningeweza kusema kwamba siwezi kuitoa bila ruhusa ya Tata. Ningeweza kusema kwamba bado sijamaliza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimeyapanga kabisa. Lakini tangu utoto wangu sikuwahi kumwambia mtu mzima hapana, na sikuweza kuanza na yeye. Nikampa. Sitaandika hapa kwamba nilidhani anaitaka kwa historia. Nilijua.

Tata aliporudi, shati lake lilikuwa na vumbi la magodoro ya watu wengine. Aliona meza.

"Kaye iko wapi?"

"Walikuja," nikasema. "Waliichukua."

"Balikunyang'anya na nguvu?"

Machozi yakaja, naye akayachukua kuwa ndiyo.

"Usilie, mama. Hawakukugusa? Basi. Kaye tutaandika ingine."

Akalifunika kopo la nne. Siku ile hatukunusa tena.

Baada ya siku mbili vijana wa kamati walipita mtaani na daftari. Sikuwapo, niliambiwa. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakagonga. Kwa Mukalay walisoma: Bilonda, darasa la kushona, 1967, Luputa, nyumba kumi na tisa. Mukalay alisimama mlangoni akasema kwamba ni mke wake wa miaka ishirini na minne. Wakamwambia anaweza kumfuata. Hakumfuata. Kwa Ngeleka walisoma Mwene-Ditu, na alipotoa kadi yake ya kazi, kijana aliigeuza mara mbili akamrudishia. "Kaye inasema ingine, tata, na kaye ni mupya."

Kituoni, walikopelekwa wote wawili, kulikuwa na maelfu. Walikaa chini ya mahema ya plastiki na mabati, kati ya reli na ghala, wakingojea treni ya kwenda Kasai kwa njia ya Lubudi na Kamina. Treni haikuja. Mvua ilikuja kila alasiri. Watoto walianza kufa kwa kuhara, wakazikwa nyuma ya ghala. Kwa wiki tatu nilikwenda kila siku na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Kila siku nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua kusema, na kila siku Tata aliuliza kwanza habari za makopo:

"Bwati zetu?"

Nikamjibu kwamba ziko. Hilo pia halikuwa kweli kabisa. Kamati ilikuwa imechukua chumba chetu kwa mikutano. Waliyatoa makopo kutoka vyumba vyote viwili wakayarundika pamoja kwenye veranda, mazima na yaliyooza, chini ya bati linalovuja. Nilipopita, harufu ya siki ilifika hadi barabarani. Sokoni niliona mama mmoja akipima unga kwa kifuniko chenye nambari 88, mechi ya mpira ya mwaka wa sitini na tatu. Nilimwandikia mkuu wa hazina ya filamu Kinshasa barua tatu. Hakuna jibu, na nadhani posta yenyewe haikuwa ikifanya kazi.

Siku ya ishirini na mbili walitangaza kwamba treni imetoka Tenke. Nilimkuta Tata ameegemea furushi la nguo za Mama Bilonda, macho yakiwa na homa. Mama Bilonda alikuwa akimpepea kwa kipande cha katoni. Aliniona akasogea.

"Ikala hapa, mama, ni pakavu kidogo. Huyu muzee anatuchokesha na sinema yake. Usiku mzima, bwati hii, bwati ile. Nikamuambia, Ngeleka, lala, hakuna mwenye kulipa kuingia."

"Umeleta kaye?" Tata akauliza.

Siku iliyopita alikuwa ameniomba. Nilikuwa nayo mkobani, ndogo, ya shule.

"Tulibakisha arubaini," akasema. "Mi niko naziona zote mu kichwa. Kabla ya treni kutoka, tutamaliza. Andika. Bwati mia mbili sabini na tatu. Ni mazishi ya fundi mumoja wa umeme, mwaka wa sabini. Mbele kuna bana kwaya. Wa kwanza, mwenye miwani..."

Niliandika nambari. Niliandika mwaka. Mkono wangu ulikwenda hadi hapo.

"Piga mistari kwanza," akasema. "Safu tano, kama zamani."

"Tata, nne zinatosha."

"Juu ya nini nne?"

"Asili tuache."

Alijiinua kwa kiwiko. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Tuache? Angalia bantu hawa. Batatawanyika, batoto babo watakufa ao watapotea. Siku moja mutoto atauliza, babu yangu alitoka wapi, alikuwa na sura gani? Nani atamujibu? Bale vijana? Ni ile picha tu na ile kaye. Kama unaacha asili, basi wale benye kutufukuza banafaulu mara mbili. Andika, mama. Homa hii haingoji."

Wanaume wawili waliokaa karibu waligeuka kutusikiliza. Mbali, upande wa Tenke, watu walianza kusimama na kufunga mizigo, ingawa hakuna kilichosikika bado.

"Muandikie," Mama Bilonda akasema, akinigusa goti. "Usiogope jina zetu. Si weye uliyekosa. Yule mwizi mwenye alikunyang'anya kaye, yule njo Mungu atamuona. Mi kila usiku ninamutaja mu sala. Ninasema, Bwana, mi simujui jina, weye unamujua."

Alisema bila uchungu, akiendelea kumpepea Tata, kama mtu anayeeleza kazi ya nyumbani. Kisha akachukua kitambaa cha sufuria yangu, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya kichwa cha Tata.

"Mwenye miwani," Tata akasema tena, macho yamefumbwa. "Nkulu. Jina yake ni Nkulu. Baba yake alitoka..."

Nikafunga daftari. Nikaliweka chini, juu ya udongo, kalamu juu yake. Wote wawili wakanitazama. Nilizungumza polepole sana ili nisilazimike kurudia.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Hakuna mwenye alininyang'anya kaye, tata. Mwalimu Kitenge aliniomba kaye, na mi nilimupa. Nilimupa na mikono mbili. Aliuliza safu ya mwisho ni ya nini, mama, na ni mi nilimufasiria."