Jua la Nyumba Namba Tisa

Podosoje ni mahali unapoweza kupamaliza kwa pumzi moja: mto, reli, mstari wa nyumba kumi na nne, barabara, kiwanda cha nyuzi, kisha mlima. Aliyejenga kiwanda alipapenda kwa sababu ya maji. Jua hakuliulizia, maana mashine hazioti jua, na yeye mwenyewe alijijengea ng'ambo ya mto, upande unaopata joto hata Krismasi. Wafanyakazi aliwaweka chini ya mlima, kwenye kivuli, kila nyumba akaipa dirisha kubwa la jikoni linalotazama kiwandani, wasije wakatoka kitandani wakasahau wanakokwenda.

Tangu katikati ya Novemba mpaka Februari jua halifiki pale. Likirudi, hurudi kwa adabu kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa. Sikukuu ya Mishumaa, tarehe mbili Februari, saa sita mchana, huchungulia kwenye pengo la mlima, likagusa mkanda wa juu kabisa wa dohani ya kiwanda, likaenda zake. Kesho yake hushuka mkanda mmoja. Dohani ilikuwa imefungwa mikanda tisa ya chuma, na watu walihesabu kwayo kuliko kalenda. "Jua liko mkanda wa nne, chagueni mbegu za viazi." "Liko wa saba, na wewe bado hujafua mapazia?" Mkanda wa tisa ukishawaka, siku inayofuata jua huingia dirisha la kwanza kwa dakika kumi. Mwenye dirisha hilo ndiye huwakaangia majirani wote krofi, yale maandazi ya mviringo yenye jamu ya aprikoti ndani, ambayo yakikaangwa na mtu anayejua hubaki na mshipi mweupe kiunoni. Na krofi la kwanza sharti litumbukie kwenye mafuta jua likiwa bado dirishani. Likichelewa, mwaka wote utakuwa wa mvua. Podosoje kila mwaka ni wa mvua, lakini hakuna aliyetaka kuwa chanzo.

Dirisha la kwanza lilikuwa la namba tisa, kwa Cirila Podlipnik, mjane wa miaka sabini na minane. Kabla yake alikaanga mama mkwe wake, na kabla ya huyo, mama yake huyo. Dohani ilitoa moshi chini ya bendera nne, na moshi ukawa wa rangi ileile. Kisha kiwanda kikafungwa. Cirila alikuwa amekitumikia miaka thelathini na sita, wakamuaga kwa saa ya ukutani, ili ajue vizuri ni saa ngapi asizokwenda kazini. Kilichobaki cha kumfanya mtu avue kofia mbele yake ni zile dakika kumi. Februari ikifika hata Bogomir Trpin, mkuu wa zimamoto wa kujitolea na mwenyekiti wa kila kitu kingine, alipita dirishani na kuuliza, "Mama Cirila, mwaka huu tutegemee?" Naye hujibu, "Utegemee, mwanangu," kama vile jua analifuga mwenyewe bandani.

Namba saba alikaa Štefka Rugelj. Walisimama kwenye mashine jirani kiwandani, wakapigiana kelele miaka yote hiyo, na mpaka leo walizungumza kama watu waliotengwa na mtambo. Jua lilimfikia Štefka siku nne baada ya wengine, na kila mtu alijua sababu. Namba saba aliwahi kukaa nyapara, babu wa mumewe, yule aliyewapelekea polisi majina ya waliogoma kabla ya vita. Tangu hapo, ikasemwa, jua likaigeuzia nyumba ile kisogo.

"Štefka, tukuazime mshumaa?" walimtania kila Februari.

"Leteni na kiberiti," hujibu, akacheka kuwashinda wote.

Cirila peke yake ndiye hakucheka sana. Miaka arobaini na mitano nyuma alitumwa juu darini mwa kiwanda kufunga dirisha lililokuwa likipigapiga. Ilikuwa saa sita, jua mkanda wa mwisho limeshapita. Akatazama chini, akaona kivuli cha dohani kimelala barabarani, kimekunjika ukutani, kimeziba dirisha la Štefka sawasawa, kama kizibo kwenye chupa. Nyapara hakuwamo kabisa katika jambo lile. Cirila akafunga dirisha, akashuka, na mdomo akaufunga vilevile. Kila Pasaka aliliungama. Kila Pasaka padri alimpa Salamu Maria tatu, na kila Februari akakaanga.

Sasa, mwezi wa Machi ikaja barua kwamba dohani ina ufa. Ama izungushiwe chuma kipya ama ivunjwe, na wenyeji waseme wanachotaka. Cirila alinunua daftari. Wiki tatu aliandika jiografia na historia ya Podosoje, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema. Aliandika mto, mafuriko, mgomo, nani alikatwa kidole na mashine gani, bendera nne, na mikanda tisa pamoja na tarehe zake. Aliweka kila kitu isipokuwa kivuli. Alijiambia kwamba kivuli si historia.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa zimamoto. Mhandisi kutoka mjini, msichana mwembamba jina lake Neva Klančar, alikaa mbele na ramani. Cirila alivaa koti la mazishini, akasoma dakika arobaini. Watu walipangusa macho. Aliposoma jinsi jua linavyoingia namba tisa tarehe kumi na moja na kuikwepa namba saba mpaka tarehe kumi na tano kwa dhambi ya nyapara, Bogomir aliitikia kwa kichwa kama aliyekuwapo.

"Dohani hii ni saa yetu," Cirila akamalizia. "Ukiivunja, tutajuaje tuko wapi katika mwaka?"

Makofi yakavuma. Neva akainua kalamu. "Mama, samahani. Namba saba iko hapa?"

"Hapo hapo."

"Na pengo la mlima ni hili?" Akachora mstari kwenye ramani, akaurudia. "Basi jua haliikwepi. Dohani imesimama katikati. Siku nne zile linasubiri kupata nafasi ya kupita ubavuni."

Cirila alihisi masikio yanawaka.

"Ngoja kwanza," Bogomir akasema. "Miaka themanini tunamlaani marehemu wa watu, kumbe ni matofali?"

"Yule alistahili hata hivyo," sauti ikatoka nyuma.

"Sikatai! Lakini angelaaniwa kwa kosa lake, si kwa la dohani."

Wote wakageuka kumtazama Štefka. Alikuwa akikuna kidole cha shahada. "Msinitazame mimi," akasema. "Mimi nimezoea."

Neno hilo ndilo lililoimaliza dohani. Aliyekuwa tayari kuipigia kura alijiona anamnyima Štefka haki yake. Mikono ilinyanyuka ishirini na mitatu ya kuvunja. Ya kuilinda ikawa minne, na mmoja wa hiyo ulikuwa wa mzee aliyedhani wanahesabu watakaokunywa kahawa. Daftari la Cirila ndilo lililofanya kazi yote, nalo lilikuwa limeandikwa kuitetea.

Septemba dohani ikashushwa, tofali kwa tofali. Mahali pake pakasimamishwa ubao wa watalii wa baiskeli, wenye picha ya dohani na historia ya Cirila iliyopunguzwa ikawa mistari sita. Jina lake waliandika kwa kukosea, naye hakulalamika.

Majira ya baridi yakaingia na hakuna aliyejua jua liko wapi, maana mikanda ya kuhesabia haikuwapo. Cirila aliapa hatakanda unga. Asubuhi ya tarehe kumi na moja akajikuta ameukanda. Mikono ndiyo ilianza, yeye akaifuata. Saa tano na nusu madonge mia na ishirini yalikuwa yameumuka juu ya vitambaa, mafuta ya nguruwe yanapata moto, na majirani wamejipanga barabarani na vikombe, shingo juu.

"Linakuja!" Bogomir akapiga kelele.

Mwanga ukashuka kwenye paa la kiwanda, ukavuka barabara, ukatua. Ulitua namba saba. Dakika mbili nzima ulikaa pale pekee, na dirisha la Cirila bado ni la kijivu.

Kisha dirisha la namba saba likafunguka kwa kishindo. "Cirila! We Cirila! Limeingia! Nifanyeje?"

"Unga wako uko wapi?"

"Unga gani?"

Cirila alisimama katikati ya jikoni. Akikaanga hapa, jua litamfikia sasa hivi, na nusu ya watu watasema dakika mbili si kitu. Asipokaanga kabisa, mwaka wa mvua utamwangukia Štefka. Alichungulia nje, mapazia ya namba saba yamepata rangi ya jua. Akaitia sufuria mfuniko, akaifunga taulo, akamwita Bogomir abebe sinia.

"Mama, moto huo!"

"Beba, acha kunihesabia moto."

Walikwenda kama watu wanaohamisha mgonjwa. Sufuria ikatua kwenye jiko la Štefka, na krofi la kwanza likazama kwenye mafuta wakati mwanga ungali juu ya meza. Nje watu wakashangilia, wakiliita jina la Štefka. Cirila akafunika, akasubiri, akageuza. Mshipi ukatokea mweupe, hauna doa.

"Štefka," akasema bila kuinua macho. "Nilijua habari ya kivuli. Tangu mwaka ule wa dirisha la darini."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona uko juu, unatazama kwangu kama kuku aliyeona nyoka. Mimi nilijua tangu wiki niliyoolewa hapa. Mtu anakaa kwenye kivuli, asijue kinatoka wapi?"

"Na ukanyamaza? Ukaacha wakutanie?"

"Krofi mia na ishirini, shoga! Kila mwaka niyakaange mimi? Mama mkwe wangu aliniambia, hii dohani ni baraka, usiitaje kwa mtu." Štefka akalamba jamu kwenye kijiko. "Mishumaa ya bure, na krofi ya bure. Mpaka ulipokuja wewe na daftari lako."

Cirila alipiga hesabu ya Pasaka arobaini na tano, Salamu Maria tatu kila moja, akaacha njiani. "Haya nimezisali zote kwa ajili yako," akasema.

"Zitanifaa. Geuza hilo, linaungua."

Jua lilikuwa bado na dakika nne. Štefka alijikinga uso kwa mkono, akasogea huku, akasogea kule, likamfuata.

"Kumbe la siku ya kwanza ndivyo lilivyo?" akanung'unika. "Linachoma macho." Akanyanyuka, akavuta pazia.